UZI MAALUMU: Obama wa Springfield. Saini, ramani na mzee Emil Jones

Mzee wa Masjala (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila Marekani ikikaribia uchaguzi, humu jukwaani hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba Obama aliibuka na hotuba ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Boston, Julai 2004, watu wakalala hawamjui wakaamka wanamjua. Hotuba ilikuwa tamu, sibishani na mtu. Ila siku anapanda lile jukwaa alikuwa ameshakaa miaka saba na ushee kwenye Seneti ya jimbo la Illinois, na jina lake lilikuwa limeshapita kwenye karatasi ya kura mara tano. Mara moja kati ya hizo alichapwa vibaya mno. Mimi nasema aliyemtengeneza yule bwana ni Springfield, na Springfield haikumtengeneza kwa hotuba.

Tuwekane sawa kwanza. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake. La Illinois lina Baraza la Wawakilishi lenye watu 118 na Seneti ya watu 59, wanakaa Springfield, mji mdogo uliopo kilomita kama 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Hawa ndio wanaotunga sheria za jinai za jimbo, kodi, shule, hospitali, na wakati ule hata adhabu ya kifo. Seneta mmoja anabeba watu kama laki mbili. Ile Seneti ya Washington ya watu 100 ni kitu kingine kabisa, msizichanganye.

Kiti tunachokiongelea ni cha wilaya ya 13: Hyde Park na Kenwood zilizouzunguka Chuo Kikuu cha Chicago, kisha South Shore kando ya ziwa, halafu kikaingia magharibi kwenye mitaa ya watu weusi wa hali ya chini. Mwenye kiti mwaka 1995 alikuwa Alice Palmer, mama msomi, mtu wa harakati, mwenye jina zuri mtaani.

Sasa sikilizeni. Agosti 1995 mbunge wa Washington wa eneo la jirani, Mel Reynolds, anatiwa hatiani kwa kesi ya ngono na binti wa chini ya umri. Kiti kinabaki wazi. Palmer anakitaka. Anamtafuta wa kumwachia kiti chake cha Springfield, na anayeonekana ni wakili mmoja wa miaka 34, mwalimu wa sheria pale chuoni, jina gumu kutamka. Septemba wanakutana hotelini Hyde Park, kijana anatangaza nia, mama yuko pembeni anamnadi.

Novemba 28 kura za mchujo (zile za ndani ya chama, za kumpata mgombea) za kiti cha Washington zinapigwa. Anashinda Jesse Jackson Jr., mtoto wa mchungaji. Wa pili Emil Jones, kiongozi wa wachache kwenye Seneti ya Illinois (hili jina lishikeni). Palmer wa tatu.

Baada ya hapo wazee wa eneo wanamwita kijana: mwanangu, mama amekosa kule, mrudishie chake. Kijana anakataa. Anasema niliulizwa, nikajibu, nimeshachangisha pesa na watu wameshajitolea, sirudi nyuma.

Palmer anarudi kwa nguvu na kuanza kusaka wadhamini. Sheria inataka saini 757 za wapigakura wa wilaya ile. Kwa siku chache tu watu wake wanakusanya 1,580, mara mbili ya zinazotakiwa. Hapo ungesema kamaliza.

Hajamaliza. Mwanzoni mwa Januari 1996 vijana wa Obama wanatinga ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago, wanakaa na daftari la wapigakura na kuanza kupekua saini moja baada ya nyingine. Huyu hajaandikishwa. Huyu anakaa nje ya wilaya. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kusaini. Aliyezunguka na karatasi hii naye hajaandikishwa, basi karatasi nzima chali. Za Palmer zilizosalia zikapungua kama 200 kufikia kiwango. Tarehe 17 Januari mama akajitoa.

Na hawakuishia kwa Palmer. Kulikuwa na wagombea wengine watatu kwenye mchujo, wote wakawekewa pingamizi, wote wakaondoka. Machi 1996 mwana Democratic wa wilaya ya 13 alipofungua karatasi ya kura alikuta jina moja. Novemba akawapiga wapinzani wawili dhaifu kwa asilimia 82. Ndivyo mtu wa "Matumaini" alivyoingia kwenye siasa.

Nitarudi na sehemu ya pili. Karibuni.

Dalali wa Hoja

Naweka kiti mbele kabisa. Mzee, hii ya saini nilikuwa naisikia juu juu. Kwa hiyo jamaa aliwaengua wenzake wanne halafu mwaka 2008 akatuhubiria demokrasia?

Bi Mkubwa wa Pwani

Dalali, pole pole. Aliyewaengua ni nani hapo? Pingamizi liliwekwa na mgombea mwenzao, kwa sheria iliyokuwepo kabla Obama hajajua Chicago iko wapi. Saini zikahesabiwa moja moja, kila upande una mtu wake mezani, na ukishindwa unakwenda mahakamani. Sisi huku Tanzania mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, watu walienguliwa kwa kukosea kujaza fomu, na aliyewaengua ndiye msimamizi wa uchaguzi. Uchungu wa mgombea ni mmoja, lakini nani ameshika kalamu nyekundu ni jambo kubwa.

Dalali wa Hoja

Bi Mkubwa umesema kweli kiasi. Lakini mpigakura wa wilaya ya 13 alipata nini tofauti? Alikuta jina moja. Sisi mgombea ubunge anatafuta wadhamini 25 tu, na bado watu wanalia. Wale wanataka 757 halafu wanahesabu mpaka nukta ya saini.

Mtu wa Aurora

Niko Illinois huku, niongezee. Huu mchezo wa kupekua saini Chicago ni wa jadi. Kuna mawakili kazi yao ni hiyo tu, msimu wa uchaguzi ukifika wanavuna. Ndiyo maana mgombea anayejielewa hakusanyi saini zinazotosha. Anakusanya mara mbili, mara tatu, akijua theluthi itakatwa. Obama mwenyewe alipeleka zaidi ya 3,000. Palmer alikuwa mwanasiasa wa miaka kadhaa, sheria alizijua, ila alichelewa kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye kiti cha Washington.

Na kuna kejeli moja hapo. Mwaka 1992 Obama ndiye aliyeongoza kampeni ya kuandikisha wapigakura wapya Chicago, zaidi ya laki moja waliandikishwa. Miaka minne baadaye anawaengua watu kwa hoja kwamba waliowasainia hawajaandikishwa. Alipoulizwa na waandishi wa Chicago mwaka 2007 alijitetea kwamba mgombea asiyeweza kupanga zoezi la saini anatia shaka kama ataweza kuwa mwakilishi mzuri. Jibu la kiwakili. Palmer hakulisahau lile. Mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton.

Jaluo wa Thika Road

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Kwa hivyo huyu mtoto wetu alikuwa MCA tu, mjumbe wa bunge la kaunti? Huku mwaka 2004 tulianza kuiita bia ya Senator "Obama", hadi kwa baa ukiagiza Obama moja unaletewa bila maswali. Kumbe tulikuwa tunasherehekea mtu wa bunge la kaunti!

Mzee wa Masjala

Jaluo umenichekesha. Hapana bwana, bunge la kaunti haligusi sheria ya mauaji wala hukumu ya kifo. Illinois ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12 na seneta wake anatunga sheria inayoweza kumpeleka mtu kaburini. Ila kwa hadhi ndani ya Marekani yenyewe, ndiyo, ni kazi ambayo watu wengi hawamjui anayeifanya.

Sehemu ya pili. Januari 1997 kijana anaapishwa na kukuta chama chake ni wachache. Republican wanashika Seneti, na mwanachama mpya wa upande wa wachache Springfield ni pambo. Mswada wako hautoki hata kwenye kamati. Angeweza kukaa akanung'unika kwa miaka sita.

Alifanya mambo mawili. La kwanza, alijiunga na meza ya karata. Usiku wa vikao maseneta wachache, wengi wao wazungu wa vitongojini na mashambani, walikuwa wakicheza poka nyumbani kwa seneta mwenzao Terry Link, dau dogo, bia na sigara. Seneta mweusi msomi wa Harvard kukaa pale na wakulima na wafanyabiashara mpaka usiku wa manane kulimfungulia milango ambayo hotuba isingeifungua. Wenyewe mchezo ule waliuita "kikao cha kamati".

La pili, alijisogeza kwa Emil Jones. Mzee huyu alianzia kazi ya ukaguzi wa mitaro ya maji machafu ya jiji, akapanda ngazi za chama moja moja, sauti nzito, maneno machache. Mwaka 1998 wazee wawili wenye heshima, Paul Simon na Abner Mikva, walimpendekeza Obama asimamie mswada wa maadili. Jones akamkabidhi. Kazi ya kuwaambia wabunge wenzako waache kupokea zawadi za washawishi ni kazi ya kuchukiwa, hakuna aliyeitaka. Akaifanya pamoja na Kirk Dillard wa Republican: zawadi zikawekewa mipaka, na pesa za kampeni zikakatazwa kutumika kwa mambo binafsi. Mpaka hapo mwanasiasa wa Illinois aliweza kulipia gari lake kwa pesa za kampeni bila kuvunja sheria. Mwaka huohuo akarudi kitini kwa asilimia 89, hakuna cha kusimulia.

Waliomchukia zaidi walikuwa wenzake weusi wa Chicago. Rickey Hendon na Donne Trotter walimcheka waziwazi, wakamwona mtu wa chuo aliyekuja kujifunzia siasa mgongoni mwao.

Fundi Manyoya

Mzee hapo kwenye poka umenikumbusha madiwani wetu na bao. Endelea kushusha nondo. Tupe habari ya kuchapwa.

Mzee wa Masjala

Haya, mwaka 2000.

Februari 1999 Bobby Rush, mbunge wa Washington wa upande wa kusini wa Chicago, alijaribu umeya dhidi ya Richard Daley akaangushwa kwa kishindo. Obama akaona mzee amejeruhiwa, sasa ndiyo saa. Kosa la hesabu. Rush alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Black Panther, chama cha harakati za watu weusi, pale Illinois, mtu aliyekuwa gerezani kwa ajili ya harakati wakati Obama yuko shule ya msingi. Kupigwa na Daley hakukumfanya mgeni nyumbani kwake.

Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi akafariki. Kampeni ikasimama, na huruma ya watu ikahamia kwa baba. Desemba gavana akaita kikao cha dharura kuhusu mswada wa silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, bintiye, bado mtoto mchanga, akaugua, hakurudi, mswada ukaanguka kwa kura chache. Hebu fikirieni: mpinzani wako amezika mwanawe kwa risasi, na wewe siku ya kura ya silaha uko ufukweni. Maelezo ya mtoto mgonjwa yalikuwa ya kweli, lakini nani anasikiliza maelezo?

Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30, Trotter (huyohuyo wa Springfield, naye aligombea) 7. Mpaka leo Rush ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Obama kwenye sanduku la kura.

Agosti mwaka huo akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Kafika uwanja wa ndege kukodi gari, kadi ya benki ikakataa. Kwenye ukumbi hakuwa na kitambulisho cha kuingia sakafuni, akaangalia hotuba kwenye televisheni za kumbini, akarudi nyumbani kabla mambo hayajaisha. Haya kayasimulia mwenyewe. Miaka minne baadaye mkutano uleule ndio ulimpa jukwaa kuu.

Bi Mkubwa wa Pwani

Na hapa ndipo nataka kuuliza. Mtu kapigwa mbili kwa moja, ana madeni, wenzake hawamtaki. Miaka minne anakuwa Seneta wa Washington kwa asilimia 70. Katikati kuna nini? Usiniambie kipaji, kipaji alikuwa nacho mwaka 2000 pia.

Mzee wa Masjala

Katikati kuna kofia, Bi Mkubwa.

Kila miaka kumi baada ya sensa, mipaka ya wilaya za bunge la Illinois inachorwa upya. Wabunge wakishindwa kukubaliana inaundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Nayo ikifungana, katiba ya jimbo ya 1970 inasema majina mawili, moja la kila chama, yaandikwe na moja lichaguliwe kwa bahati nasibu. Anayechaguliwa anakuwa mtu wa tisa, na chama chake kinachora ramani. Waliotunga kipengele hiki waliamini hakuna mwanasiasa mwenye akili atakayekubali kufika huko, kwa hiyo watalazimika kupatana. Mwaka 1981 wakafika huko. Mwaka 1991 wakafika tena, Republican wakashinda, ndiyo maana Obama alikuta chama chake wachache. Mwaka 2001 kwa mara ya tatu.

Jesse White, katibu wa jimbo, akaleta kofia ndefu iliyotengenezwa kufanana na ya Abraham Lincoln, akaingiza mkono, akatoa jina la Democratic.

Basi. Jimbo la watu milioni 12 likahama chama kwenye kofia.

Tena Obama hakusubiri kofia akiwa amekaa. Miezi kabla ya hapo aliketi kwenye chumba cha kompyuta cha Democratic kule Springfield na mtaalamu wa ramani, wakachora wilaya ya 13 mpya. Ile ya zamani ilinyooka kuelekea magharibi kwenye umaskini. Mpya ikapanda kaskazini kandokando ya ziwa, ikapita katikati ya jiji mpaka Gold Coast, kwa matajiri wa Chicago. Weusi wakabaki wengi, ila sasa kwenye wilaya kuna wafadhili, mawakili wakubwa, Wayahudi wenye pesa na vyombo vya habari. Mtu aliyeshindwa kwa Rush kwa kuonekana si mweusi wa kutosha wa mtaani alijichorea eneo ambalo ile hali yake ya katikati ilikuwa mtaji.

Mwaka 2002 alipita kwa kuwa hakuna aliyejitokeza. Chama chake kikachukua Seneti na ugavana kwa pamoja.

Dalali wa Hoja

Yaani Mzee unazidi kunipa silaha. 1996 kaengua wapinzani, 2001 kachora wapigakura, 2002 kapita bila kupingwa. Hapo kuna uchaguzi gani?

Mtu wa Aurora

Dalali, hayo yote ni kweli na kila mmoja wao alifanya hivyohivyo. Seneti nzima ya watu 59 wilaya zao zilichorwa chumbani. Ukimtoa Obama kwa kosa hilo, inabidi ufunge bunge.

Dalali wa Hoja

Sijasema afungwe. Nasema tusiimbe.

Jaluo wa Thika Road

Si hata huku mipaka ya maeneobunge ikikaribia kuguswa utaona wazee wanakesha ofisini na ramani? Mimi namwelewa kabisa. Emil Jones sasa, lete huyo.

Mzee wa Masjala

Januari 2003 Emil Jones anakuwa Rais wa Seneti ya Illinois. Kwa mfumo wao mtu huyo ndiye anayeamua mswada gani unafika sakafuni na nani anaubeba. Hadithi inayosimuliwa, na mzee mwenyewe ameirudia mara nyingi, ni kwamba Obama alimfuata akamwambia: mzee, sasa una nguvu nyingi. Jones akauliza nguvu gani? Akajibiwa: unaweza kumtengeneza Seneta wa Marekani. Unamfahamu anayefaa? Ndiyo, mimi.

Mwaka ule mmoja miswada mikubwa ikaanza kubeba jina la Obama, mingine ikiwa imehangaikiwa na wenzake kwa miaka. Hendon aliona mswada wa polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, alioupigania muda mrefu, unahamia kwa bwana mdogo. Watu walinung'unika chini chini, juu hapakuwa na wa kumwambia mzee kitu.

Hapa lakini nitamtetea, maana kupewa mswada si kuupitisha. Chukueni ule wa kurekodi mahojiano. Illinois ilikuwa na aibu kubwa: tangu adhabu ya kifo irudi, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano na 13 wametolewa kwenye foleni ya kifo baada ya kuonekana hawakustahili kuwapo. Gavana George Ryan, mtu wa Republican, alisimamisha adhabu hiyo mwaka 2000, na Januari 2003, siku chache kabla hajaondoka, akafuta hukumu za kifo za watu wote waliokuwa wakisubiri. Sehemu ya tatizo ilikuwa maungamo yaliyotolewa kwa kipigo kwenye vituo vya polisi vya Chicago. Obama akasema kila mahojiano ya kesi ya mauaji yarekodiwe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Polisi wakapinga. Waendesha mashtaka wakapinga. Jamaa akakaa nao wiki kwa wiki, kipengele kwa kipengele, akawashawishi kwamba picha itamlinda pia askari mwaminifu. Mswada ulipofika sakafuni Seneti iliupitisha bila kura hata moja ya kuupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka sharti hilo kwa kutunga sheria. Ukiniuliza kazi gani moja ya Springfield inamstahili kukumbukwa, ni hii. Kuna mtu leo anatembea Chicago kwa sababu kamera ilikuwa inawaka.

Fundi Manyoya

Hapo Mzee umeupiga mwingi. Lakini kuna ile ya kupiga kura za "nipo". Wapinzani wake walimchapa nayo sana 2008.

Mtu wa Aurora

Nijibu hiyo. Springfield kuna vitufe vitatu: ndiyo, hapana, nipo. Obama alibonyeza "nipo" mara 129 hivi, kati ya kura kama elfu nne. Kisheria mswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, haijalishi wangapi wamehudhuria, kwa hiyo "nipo" inauumiza mswada sawasawa na "hapana". Tofauti iko kwenye kipeperushi cha kampeni: mpinzani hawezi kuandika kwamba ulipinga. Mara nyingine ilikuwa mkakati wa kundi, hasa miswada ya utoaji mimba, watetezi wa wanawake wakiwaomba maseneta wao wote wabonyeze hivyo kwa pamoja ili walio kwenye maeneo magumu wapate pa kujificha. Mara nyingine alikuwa na shaka ya kikatiba. Na mara nyingine, tuseme ukweli, alikuwa anajihifadhi.

Bi Mkubwa wa Pwani

Huko kujihifadhi ndiko nisikokupenda kwake hata alipokuwa Rais. Lakini tumpe haki yake: Oktoba 2002, akiwa bado seneta wa jimbo asiyejulikana, alisimama hadharani Chicago kupinga vita vya Iraq wakati wakubwa wa chama chake Washington wanajiandaa kuviidhinisha. Pale hakubonyeza "nipo".

Dalali wa Hoja

Hyde Park nani angemwadhibu kwa kupinga vita?

Bi Mkubwa wa Pwani

Alikuwa anajiandaa kugombea jimbo zima, Dalali. Illinois ina mashamba mpaka mpakani na Kentucky. Usimnyime kila kitu.

Mzee wa Masjala

Mmalizane hivyohivyo, mimi nafunga na 2004 maana nayo ina mambo.

Peter Fitzgerald wa Republican alitangaza hagombei tena kiti chake cha Seneti ya Washington. Obama akasubiri kwanza Carol Moseley Braun, aliyewahi kukishika, aamue. Mama akaelekea kwenye mbio za urais. Njia nyeupe. Mchujo wa Democratic ukawa na watu saba. Mtu wa mtandao wa chama alikuwa Dan Hynes, mkaguzi wa fedha wa jimbo. Mwenye pesa alikuwa Blair Hull, aliyemwaga dola zaidi ya milioni 28 za mfukoni mwake akawa anaongoza, mpaka faili la talaka yake lilipofunguliwa wiki chache kabla ya kura. Machi 16 Obama akapata asilimia 53 peke yake, Hynes 24, Hull 11.

Juni mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye faili la talaka likafunguliwa, akajitoa. Chama kikahangaika mpaka Agosti kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mtu asiyekuwa hata mkazi wa Illinois. Novemba 2 ikawa asilimia 70 kwa 27. Siku mbili baadaye Obama akajiuzulu Seneti ya jimbo.

Kwa hiyo Bi Mkubwa, jibu la swali lako: ramani ilimpa wafadhili, Jones alimpa rekodi na kuwatuliza wenye vyeo, matalaka mawili yakamwondolea watu njiani. Kipaji kilihitajika ili avitumie vyote hivyo asiharibu. Mwaka 2000 kipaji kilikuwepo peke yake, mkaona kilichotokea.

Jaluo wa Thika Road

Na kile kiti cha Springfield alikiachia nani? Kulikuwa na uchaguzi mdogo?

Mtu wa Aurora

Hakuna uchaguzi mdogo kwa kiti cha bunge la jimbo hapa Illinois. Seneta akiondoka, makamati, yaani viongozi wa chama wa kata zilizomo kwenye wilaya, wanakaa chumbani na kumteua mrithi, kila mmoja ana uzito wa kura kulingana na wapigakura wa eneo lake. Walimteua Kwame Raoul, mtoto wa wazazi kutoka Haiti. Akakaa mpaka aliposhinda uanasheria mkuu wa jimbo mwaka 2018. Januari 2019 makamati wakakaa tena, wakamteua Robert Peters. Ukirudi nyuma, hata Palmer hakuanza kwa kuchaguliwa. Aliteuliwa mwaka 1991 Richard Newhouse alipostaafu. Wote hao baadaye walipigiwa kura wakashinda, lakini mlango wa kwanza ulikuwa wa chumbani.

Dalali wa Hoja

Ngoja nihesabu. Palmer kateuliwa. Raoul kateuliwa. Peters kateuliwa. Aliyeingia kwa kura ni Obama peke yake, na siku hiyo ya mchujo karatasi ilikuwa na jina moja?

Mtu wa Aurora

Hesabu yako iko sawa. Na Emil Jones alipoamua kustaafu mwaka 2008 alikuwa ameshashinda mchujo. Akajitoa, makamati wakamweka mwanawe, Emil Jones III, kwenye karatasi badala yake.

Jaluo wa Thika Road

Chicago na Siaya, kwao baba yake Obama, ni kaunti jirani, wadau. Hatukuwa tumejua tu.